Mbele ya Mzee Hapapitwi

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nilienda sokoni Kitale kununua viazi, nimerudi nyumbani Kibomet na jogoo. Sikuwa nimeomba jogoo. Muuza mboga mmoja aliniangalia, akaniangalia tena, halafu akaita wenzake: "Si huyu ndio Sellah wa Barazani? Kumbe ni mfupi hivi, bana." Nilicheka, maana studio huwa nakalia kiti kilichoinuliwa kwa matofali. Akanifungia jogoo miguu na kunitilia kwapani, ati kwa sababu niliwahi kumhoji daktari wa mifugo na kuku wake wakapona. Huu ni mwaka wa saba naongoza kipindi cha Barazani kwenye runinga na ni nadra kurudi nyumbani mikono mitupu. Nimepewa ndizi, maboga, na safari moja sungura. Kuna mama wa Kachibora aliyempa mtoto wake jina Barazani. Nilimsihi ambadilishie, akakataa. Sijui wenzangu wa Nairobi hupewa nini, lakini sidhani kama wana mtoto.

Habari mbaya nimeiweka mwisho. Ritesh, mwenye stesheni, ameniita ofisini na kuniambia kwamba kuanzia Januari saa yangu huenda ikapewa kipindi cha muziki kutoka Nairobi, ambacho hakihitaji mtangazaji, gari wala mafuta. Kitakachoiokoa Barazani ni mdhamini wetu akiendelea. Mdhamini ni Om Prakash, mwenye duka la mabati na saruji, na mkataba wake unaisha Desemba.

"Nimemuuliza," Ritesh akasema. "Anasema anafikiria."

Mzee Om akisema anafikiria, mara nyingi huwa ameshafikiria. Nimekula viazi bila hamu. Jogoo amefungwa jikoni na ananiangalia.

Jumanne, 7 Oktoba

Mvua. Umeme ulikatika nikitangaza kwamba kutakuwa na jua.

Ijumaa, 10 Oktoba

Tulikuwa Kachibora kurekodi habari za kukausha mahindi. Mpigapicha ni Yuvraj Singh, Mhindi wa hapa hapa Kitale, ambaye Kibukusu chake kinaniaibisha mimi niliyezaliwa Bokoli, kwa Wabukusu wenyewe. Nilikuwa katikati ya swali zuri sana wingu lilipofunga. Wakulima waliniacha nimesimama na kipaza sauti nikihoji hewa, wote wakakimbilia turubai zao. Nilijiona mjinga. Nikatupa kipaza sauti garini na kuanza kubeba magunia nao, na viatu vyangu vya runinga vikabaki kwenye tope.

Yuvraj hakuzima kamera. Ritesh ameirusha yote jioni hii, na simu hazijaacha kulia. Mzee mmoja kutoka Kapenguria amesema tangu runinga ije hajawahi kuona mtangazaji akifanya kazi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Leo tumeaibika, na niandike kabla sijaanza kujitetea.

Kwetu Wabukusu, akizikwa mzee mwenye wajukuu na jina, siku ya tatu watu hukusanyika asubuhi kusikiliza kumuse. Msemaji wa kumuse hajichagui, kazi hii hutembea katika damu. Watu hukaa pande mbili na kuacha njia katikati, naye hutembea katika njia hiyo na fimbo yake, akienda na kurudi, akisema historia ya koo, akifariji, na akigomba panapostahili kugombwa. Anapotembea hakuna anayekatiza mbele yake. Mtoto wa Kibukusu hujua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Tulienda karibu na Webuye kurekodi kidogo tu, kwa ruhusa ya wenyewe. Msemaji alikuwa Mzee Wangwe, anayeishi upande wa Bokoli, mwembamba, mwenye sauti ya kujaza uwanja bila spika. Yuvraj akataka sura yake kwa mbele. Jicho likiwa kwenye kamera, akavuka njia.

Mzee alisimama na kuchomeka fimbo ardhini. Akarudi kwenye kiti chake akaketi, na watu wote wakageuka kututazama. Wazee walinong'onezana kwa muda mrefu, tukaomba radhi mara mbili mbili, ndipo akainuka. Lakini hakuendelea pale alipoachia. Alianza upya, tangu babu wa kwanza wa ukoo. Mama aliyekaa karibu nami akafungua kanga, akatoa kiazi kitamu, akaniambia, "Mngetuonya tukaleta chakula."

Tulipofika Kiminini tukirudi, Yuvraj akafungua mdomo.

"Ile mila naijua tangu nikiwa mdogo, Sellah. Lakini jicho likiingia kwa kamera, nasahau kama miguu ni yangu. Ni kama siko pale."

Nilikuwa nimepanga kumgombeza. Nikanyamaza, maana hata mimi nikiwa hewani huwa sipo.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mvua tena. Mahindi ya jirani yameanza kuota ndani ya magunia. Mzee Om bado anafikiria.

Alhamisi, 6 Novemba

Polisi wa barabarani amesimamisha gari letu ili aniambie kwamba mkewe ananisalimu.

Alhamisi, 13 Novemba

Mzee Khaemba wa Bokoli amefariki. Nilisoma tangazo lenyewe jana, na nilipofika kwenye majina ya wajukuu nikapoteza mstari, kwa kuwa ni yeye aliyenikaribisha kwake kwa kipindi changu cha kwanza kabisa, wakati hakuna mtu aliyetaka kukaa mbele ya kamera ya stesheni isiyojulikana.

Leo mwanawe, Mwalimu Bramwel, alifika studio na koti limelowa.

"Dada Sellah, nina ndugu Kanada, nina dada Mombasa, na barabara ya kwetu imekatika kwa hii mvua. Nusu ya watoto wa mzee hawatafika. Tunataka kumuse iende mubashara, kutoka mwanzo hadi mwisho."

Stesheni yetu haijawahi kufanya hivyo. Ritesh akauliza itachukua muda gani. Mwalimu akajibu kwamba mzee anayesema kumuse haulizwi hilo. Ritesh akakuna kichwa, halafu akakubali haraka kuliko nilivyotarajia. Nilimpenda kwa muda.

Msemaji ni nani? Ni Mzee Wangwe. Nikatamani kuingia chini ya meza.

Jumamosi, 15 Novemba

Mimi na Yuvraj tulienda kwa Mzee Wangwe kuomba. Gari lilikwama kwenye tope, tukamalizia kwa miguu. Tulimkuta anarekebisha mlango wa zizi. Alimwangalia Yuvraj, akaangalia miguu yake, akasema kwa Kibukusu, "Imepona?"

"Imepona, baba," Yuvraj akajibu, kichwa chini.

Mzee akacheka kidogo. Kisha akanigeukia na kuniita mukhana, yaani msichana, na mimi nina miaka arobaini. Nilifurahi hata hivyo.

"Mukhana, hii terevisheni yenu. Nikitembea, inakaa wapi?"

Nikamwonyesha: kamera moja, mwisho wa njia, haihami.

"Na huko nyumba za watu, nani atanipita?"

Sikuelewa swali. Nilifikiri anauliza juu ya kamera, nikajibu kwa ile sauti yangu ya hewani, "Mzee, nakuapia, hakuna kitu kitakachopita mbele yako."

Akanitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akasema sawa, akarudi kwenye mlango wake.

Jumatano, 19 Novemba

Nimeelewa swali la mzee. Nimelielewa kwa kuchelewa.

Ritesh amenionyesha mpango wa kumuse ya Jumatatu. Kila baada ya muda mfupi, matangazo ya biashara. La kwanza na la mara nyingi ni la Mzee Om, lile la kuku aliyevaa miwani anacheza juu ya paa la mabati. Ndiyo maana Ritesh alikubali haraka. Amemwambia Om Prakash kwamba Bungoma nzima itakuwa mbele ya runinga, naye Om amesema akiona mambo yake Jumatatu, atatoa jibu la mwaka ujao.

"Ritesh," nikasema, "tangazo likiingia mzee akiwa anatembea, tumempita mbele."

"Mzee atakuwa Bokoli. Hataona."

"Watu wataona. Na mimi niliapa."

"Uliapa kamera haitapita. Kamera haipiti." Akavua miwani na kuisugua, jambo analofanya akijua hana haki. "Sellah, mimi sitaki hiyo muziki ya Nairobi. Lakini bila Mzee Om hakuna Barazani. Ukisema tu 'tutarudi baada ya mapumziko', mimi nabonyeza. Ni sekunde chache."

Nilitoka nikiwa na hasira, na nusu ya hasira hiyo ilikuwa juu yangu mwenyewe. Kwa miaka saba nimesema "tutarudi baada ya mapumziko" bila kujiuliza namwacha nani amesimama.

Alhamisi, 20 Novemba

Nilienda dukani kwa Om Prakash nimwombe mwenyewe. Nilifika mpaka kaunta. Akasema, "Karibu mama, tukusaidie nini?" Nikaangalia uso wake, nikaona Januari. Nimerudi na misumari ya inchi tatu ambayo sina pa kuipigilia.

Ijumaa, 21 Novemba

Mzee Khaemba amezikwa. Mvua ilisimama wakati wa kushusha jeneza, ikaendelea baadaye.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimeoga, nimekunywa chai. Acha niandike kwa utaratibu.

Tulifika Bokoli alfajiri. Yuvraj alisimamisha kamera mwisho wa njia, akapigilia vigingi kuzunguka miguu yake mwenyewe na kufunga kamba, akaniambia, "Leo hata nikitaka kusonga, siwezi." Watu walikuwa wengi mpaka kwenye uzio wa jirani. Wanawake upande wao, wanaume upande wao, na njia katikati safi kana kwamba imefagiliwa. Nilitaka kulia kabla hata hatujaanza, kwa sababu kile kiti kitupu mbele ya nyumba ndicho Mzee Khaemba alichonikalisha siku ile ya kwanza, nilipokuwa sijui hata kushika kipaza sauti.

Nilifungua kwa maneno machache. Nikaeleza tuko wapi, tunamuaga nani, na nani atasema. Halafu nikasogea kando. Sikioni nilikuwa na kidude cha kumsikia Ritesh studio.

Mzee Wangwe aliinuka akiwa na ngozi yake begani na fimbo mkononi. Alianza polepole, akitembea. Alitaja walikotoka watu wa Khaemba, mito waliyovuka, njaa waliyoishinda. Akamtaja marehemu akiwa kijana mkaidi aliyekimbia shule mara nyingi, halafu akajenga shule. Watu walitabasamu bila kutoa sauti. Akawageukia vijana wanaouza mashamba kwa siri na kuwagomba hadi mmoja akainamisha kofia. Manyunyu yakaanza. Hakuna aliyeinuka.

Ritesh akasema sikioni, "Sellah, mapumziko."

Sikusema kitu.

"Sellah, unanisikia? Wakati umepita."

Mzee alifika mwisho wa njia, akageuka, akaanza kurudi upande wetu. Macho yake yaliinuka juu ya vichwa vya watu yakaja moja kwa moja kwenye kamera. Alisema kwa Kibukusu, nami naandika kwa Kiswahili kadiri niwezavyo:

"Na ninyi mlioko mbali. Watoto wa Khaemba mlioko ng'ambo, na majirani mlioko madukani na majikoni. Mvua imewazuia, siwalaumu. Lakini mmekuja kwa njia hii, basi mmekuja. Kaeni chini. Pale ninapotembea, msinipite."

Ritesh alikuwa anasema, "Sellah, sema tu neno. Mzee Om anatazama. Usiposema nitabonyeza mwenyewe, na kipindi chako..." Nikachomoa kile kidude sikioni, nikakitia mfukoni.

Baada ya hapo sikujua chochote. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Nilisimama kwenye manyunyu na tabasamu la kazi limekauka usoni, nisijue kama huko majumbani watu wanamwona mzee au wanamwona kuku mwenye miwani. Nilijiambia nimetimiza ahadi. Kisha nikajiambia, mjinga wewe, ahadi iko chini ya kidole cha Ritesh. Niliiaga Barazani moyoni pale pale, nikamuaga muuza mboga na mama wa Kachibora, nikajihurumia sana. Halafu sauti ya mzee ikanivuta, na kwa muda mrefu nikasahau kwamba mimi ni mtangazaji. Nilikuwa tu binti wa Bokoli aliyekuja kumsindikiza mzee wake. Sikumbuki lini nilisikiliza mtu bila kutafuta pa kumkatiza.

Alipomaliza jua lilikuwa juu ya utosi. Mjane, Mama Bramwel, aliinuka polepole akaja mpaka mbele ya kamera, akaigusa kwa kiganja kama anavyogusa kichwa cha mtoto, na kuwaita wanawe wa mbali kwa majina. Ndipo nikafunga matangazo. Nilisema "asanteni" tu, na mara hii sikuongeza neno.

Simu yangu haina chaji. Nimerudi Kibomet moja kwa moja. Sitaki kujua leo.

Jumanne, 25 Novemba

Nilipanda ngazi za studio kama anayeenda kuchukua vitu vyake. Ritesh alikuwa peke yake, hajanyoa.

"Matangazo yalipita?" nikauliza.

"Hapana."

Nilikaa. Naye akakaa.

"Kidole kilikuwa juu ya kitufe," akasema. "Nilikuwa nimekasirika, Sellah, we acha tu. Halafu yule mzee akageuka, anakuja, ananiangalia mimi. Akasema msinipite. Mimi nimezaliwa hapa. Nimesoma na watoto wa Bokoli. Nikaona nikibonyeza, ni mimi nampita, si kuku." Akasugua miwani. "Nilitoa mkono. Nikakaa chini, kwa sakafu. Sijui kwa nini kwa sakafu."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nilikuwa nimemwandika vibaya mtu huyu tangu Oktoba.

"Na Mzee Om?"

"Hajapiga. Nimempigia, hashiki."

Jumatano, 26 Novemba

Om Prakash kimya. Simu za watazamaji hazikatiki. Dada wa Mombasa amelia nami hewani.

Alhamisi, 27 Novemba

Jua, kutwa nzima. Kibomet yote imeanika mahindi. Om Prakash kimya.

Ijumaa, 28 Novemba

Mzee Om ametuma mtu aniite, mimi, si Ritesh. Nilivaa gauni la runinga. Kama ni kuzikwa, nizikwe nikiwa nadhifu.

Alikuwa nyuma ya kaunta. Runinga yake iko ukutani, na mlango wa stoo uko upande wa pili.

"Keti, mama," akasema. "Jumatatu nilikuwa na wateja wengi hapa. Nimewaambia, ngojeni, tangazo langu linakuja, mtaona kuku. Yule mzee akasema kaeni. Wakakaa. Juu ya saruji, juu ya mabati, mpaka kwa ngazi. Mteja mmoja alitaka bawaba, ziko stoo. Nikaenda kuleta. Mama mmoja akanishika shati. 'Mzee Om, unapita wapi?' Mimi, kwa duka yangu."

"Ukafanya nini?"

"Nikakaa. Chakula yangu iko ng'ambo hiyo, nasikia harufu, na siwezi kuvuka. Hakuna mtu alinunua hata msumari mpaka mzee akamaliza. Halafu wote wakainuka, wakanisalimia kwa mkono mmoja mmoja, kama mimi pia nimefiwa." Akachukua kalamu. "Na ni kweli, nilifiwa. Khaemba alinunua mabati ya kwanza niliyouza mimi mwenyewe, baba yangu akiwa bado hai."

Nikampa mkono wa pole mimi pia.

"Wiki ile ulikuja ukanunua misumari," akasema. "Ulitaka kuniambia juu ya tangazo?"

"Ndiyo, mzee. Niliogopa."

"Ulifanya vizuri. Ungeniambia ningekataa. Ningesema nimelipa, lipite. Halafu lingepita, na mimi nani angenunua kwangu bati tena huko Bokoli?" Akafunga kofia ya kalamu. "Mwambie Ritesh alete mkataba. Mwaka mzima. Kuku acheze mwanzo na mwisho. Mzee akitembea, kuku akae chini na sisi."

Nilimshukuru kwa mikono yote miwili. Nilitoka nje nikatembea mtaa mzima wa Kitale kichwa juu, nikisalimia hata wasionisalimia. Nilikuwa na haki ya kuringa, na niliringa.

Jumatano, 3 Desemba

Mkataba umewekwa sahihi. Ritesh amenunua maandazi ya watu wote. Yuvraj amekula matano.

Jumanne, 9 Desemba

Hakuna jipya. Mahindi yamekauka.

Ijumaa, 19 Desemba

Mwalimu Bramwel alikuja studio na mama yake, wakaleta mbuzi. Mbuzi, si jogoo. Amefungwa kwenye reli ya ngazi na Ritesh amekataa kushuka.

Mwalimu ana ujumbe wa Mzee Wangwe. Kuna familia ya Kachibora iliyomwomba kumuse mwezi wa kwanza, na wamemuuliza kama runinga inaweza kuja. Amewajibu inaweza, ila asitumwe mtangazaji mwingine.

"Alikutaja kwa jina?" nikamuuliza, nikijiweka sawa kupokea sifa.

"Hajui jina lako, dada. Alisema mlete yule mukhana anayejua kunyamaza."

Ritesh na Yuvraj walicheka mpaka mbuzi akaanza kulia. Mimi sikucheka. Kwa miaka saba nimelishwa na mdomo huu, nimeitwa mengi na nimeyafurahia yote, hata lile la ufupi. Hili la leo nilimwomba Mwalimu alirudie, polepole, kwa Kibukusu, kama mzee mwenyewe alivyolitamka. Akalirudia. Nikamwambia Mzee aambiwe nitakuja.